Glas

Wodi ya nne, Bangor, Jumanne ya mvua.
Nesi Lorraine ana kadi ishirini na kalamu ya wino,
mgeni kutoka Swindon, wiki yake ya tatu huku.
Kitandani yuko Ithel, mpasua mawe wa Bethesda,
miaka thelathini na mmoja machimboni,
na kiharusi, kilipopita, kilimfagilia Kiingereza chote
kikamwachia Kiwelisi, maneno ya jikoni kwa mamaye.

Kadi ya mbingu. "Rangi gani hii?"
*Glas.*
Binti yake, Meinir, akatafsiri: buluu.
Vema.

Kadi ya malisho, nyasi hadi ukingoni mwa karatasi.
*Glas.*
Kalamu ikasita, ikapiga mkato.

Paa la mawe, limelowa.
*Glas.* Mkato.
Farasi jike wa kijivu.
*Glas.* Mkato.
Sarafu ya fedha.
*Glas*, na hapa akacheka
kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki wake.
Mkato.

"Futa," akasema Meinir.

Hakupaza sauti. Alivua koti kwanza,
akalitundika, maji yakachuruzika sakafuni.
"Farasi huyo tulikuwa naye. Hakuna aliyemwita jina jingine.
Nyasi ni glas kabla hujazikata,
jiwe ni glas likitoka tu mlimani,
sarafu hizo bibi alizihesabu mezani, glas, glas, glas,
na noti aliziweka mbali kama wageni.
Hajakosea hata moja.
Ni kadi zako zinazojua kidogo."

Mimi ninayeandika haya nina lugha yenye adabu nyingine:
samawati yangu humrudia mbingu,
kijani hulirudia jani,
kijivu hulala palepale motoni, juu ya jivu.
Rangi ikipotea, namuuliza mzazi wake.
Glas simwoni mzazi.
Niliitafuta usiku kucha katika kamusi nzito ya kuazima
na kila mlango niliobisha
ulifunguliwa na mtu mwingine:
mdiria, buluu ya ukingo wa mto;
kijana anayeota ndevu;
saa za alfajiri, mtu anapoona mkono wake
lakini hajui bado umeshika nini;
tabasamu lisilo na nguvu.
Na anayejitahidi mpaka tone la mwisho,
wanasema amefanya ubora wake wa glas.
Hapo nilifunga kamusi nikachemsha chai.

Lorraine alifuta mikato minne.
Wino haufutiki; aliandika vema juu yake,
ukurasa ukawa kama ukuta uliopakwa lipu mara mbili.
"Samahani," akasema, akamwangalia mzee, si binti.
"Glas," akajaribu, na ulimi wake ukateleza.
Ithel akamsahihisha, taratibu,
kama mtu anayeonyesha pa kugonga patasi.

Ikabaki kadi moja.

Limau.

Si limau la mashaka. Njano kama koti la wazima moto,
kivuli chake chini, jani halipo.
Ithel aliliangalia muda mrefu.
Mashine ya jirani ililia, ikanyamaza.
*Glas*, akasema,
kwa uhakika uleule, kwa sauti ileile.

Meinir akapekua mifuko yote ya neno lile,
mfuko wa nyasi, mfuko wa fedha, mfuko wa farasi.
Vidole vyake vilionekana vikipekua, juu ya shuka.
"Changa," akasema mwishowe.
"Tunda changa pia ni… Analiona bichi.
Bado halijaiva."

Lorraine akalitazama limau.
Akamtazama Meinir, nywele zimemganda usoni.
Kalamu ya wino akaiweka chini,
akatafuta mfukoni, akatoa penseli,
akaandika vema, ndogo sana,
pembeni.